Kamera ya DSLR kwa picha za vyungu: lenzi kwanza, bodi baadaye

Ukiona mtandaoni picha ya mtungi wenye mdomo mpana kama beseni na kitako chembamba kama cha kikombe cha kahawa, usimlaumu mfinyanzi kabla hujajua mpiga picha alisimama wapi. Mara nyingi alisimama karibu mno, lenzi ikiwa kwenye upana wake wote, naye akauinamia mtungi kutoka juu. Umbo lililohangaikiwa saa nzima kwenye gurudumu linaharibiwa kwa mbofyo mmoja, na kamera ya bei kubwa ingeliharibu vilevile, tena kwa ukali zaidi.

Kwa hiyo swali la "ninunue DSLR gani" (yaani kamera yenye kioo ndani na lenzi ya kubadilisha) kwa kazi ya vyungu lina foleni yake: lenzi, kisha tripodi, kisha mwanga, na bodi ya kamera inafuata nyuma. Chungu hakikimbii. Fokasi ya kasi, picha kumi kwa sekunde, uwezo wa kupiga gizani kwa ISO ya juu (ISO ni wepesi wa kamera kwa mwanga), yote hayo ndiyo yanayopandisha bei ya bodi, na yote hayo chungu hakiyahitaji. Bodi iliyotoka 2012 inatosha kabisa ikiwa nzima. DSLR za mwisho za Canon na Nikon zilitoka 2020, kisha kampuni hizo zikahamia kwenye kamera zisizo na kioo ndani. Ndiyo maana bodi nzuri za mtumba na lenzi zake zimejaa sokoni. Kwa anayepiga vitu vilivyotulia mezani, huo ni wakati mzuri wa kununua.

Umbali ndio unaochora umbo

Chukua chungu cha kimo cha sentimita 30 na upana wa sentimita 20. Kamera ina sensa, kile kipande kinachopokea picha, ya kipimo cha APS-C, iliyo ndani ya karibu DSLR zote za bei ya chini na ya kati, takribani milimita 24 kwa 16. Umeigeuza wima, na chungu kinajaza asilimia 70 ya kimo cha picha. Kwa lenzi ya milimita 18, yaani pana, itakubidi usogee hadi sentimita 34 hivi kutoka katikati ya chungu. Ukingo wa mdomo ulio upande wako utakuwa sentimita 24 kutoka kwenye lenzi na ule wa nyuma sentimita 44, hivyo wa mbele unachorwa karibu mara mbili ya wa nyuma. Weka lenzi kwenye milimita 55: sasa unasimama mita 1 na kidogo, na tofauti ya kingo hizo inashuka hadi mara 1.2. Kwa milimita 85 unarudi hadi mita 1.6, na tofauti ni mara 1.13 tu. Hapo chungu kinafanana na kile mtu anachokiona akikitazama rafuni.

Kinachopinda umbo ni umbali wenyewe. Lenzi pana inakualika tu usogee. Ndiyo maana hata ile lenzi ya 18–55 inayokuja na kamera inafaa kuanzia, mradi uizungushe hadi 55 na uiache hapo. Gundisha kipande cha tepu kwenye pete ya zumu, ile ya kuvuta picha karibu, ili isirudi nyuma wakati unahangaika na mengine.

Ukiwa na fedha ya lenzi moja zaidi, nunua lenzi ya makro, ile ya kupiga vitu kwa karibu, ya milimita 50 hadi 100, isiyo ya zumu. Kwa Canon kuna EF-S 60mm f/2.8 Macro (f ni kipimo cha tundu la lenzi: namba ikipanda, tundu linapungua), ambayo kwa vyungu naiona karibu kamilifu, na EF 100mm f/2.8 Macro kwa mwenye chumba kirefu. Kwa Nikon kuna AF-S Micro 60mm f/2.8G. Ile ya 40mm f/2.8G ni nyepesi na huuzwa kwa bei nafuu, ila kwa chungu kikubwa inakusogeza karibu kuliko ninavyopenda; kwa vikombe, sahani na chetezo inafaa. Tamron 90mm f/2.8 ya zamani ni kali mno na hupatikana kwa mifumo yote miwili. Lenzi ya 50mm f/1.8 ni chaguo la mwenye mfuko mwembamba, lakini usiinunue kwa ajili ya hiyo 1.8: utakuwa kwenye f/8 au f/11 siku zote.

Tahadhari kwa watu wa Nikon. Bodi za familia ya D3000 na D5000, yaani D3200, D3300, D5300, D5600 na ndugu zao, hazina mota ya fokasi ndani. Lenzi iliyoandikwa AF au AF-D, bila S, itakaa vizuri na itapiga picha, lakini fokasi utaizungusha kwa mkono. Kwa chungu juu ya meza si hasara. Pengine hata utaipata kwa bei ndogo kwa sababu wengine wanaikimbia. Tatizo ni kununua bila kujua kisha ukadhani umeuziwa mbovu.

Ukali wa mbele hadi nyuma

Chungu kilekile cha sentimita 30, kwa f/2.8, kinapata unene wa ukali wa sentimita 3.5 hivi. Kwa f/8 unafika 10, kwa f/11 unafika 14. Ukikipiga usawa wa tumbo, upande wa nyuma hauonekani, kwa hiyo kinachohitaji ukali ni kuanzia tumbo la mbele hadi mstari wa umbo kushoto na kulia, yaani nusu ya upana, sentimita 10. Kwa hiyo f/11 ndiyo pa kuanzia, fokasi ukiiweka nyuma kidogo ya sehemu iliyo karibu nawe zaidi. Ukitaka mdomo wote uonekane kutoka juu, hitaji linapanda hadi sentimita 20, na hapo utakwenda f/16 au urudi nyuma. Usipande hadi f/22 kwa kudhani utaongeza ukali: mwanga ukipita kwenye tundu dogo hivyo hutawanyika, na picha nzima inalegea, pamoja na ile mistari ya vidole uliyotaka ionekane.

Vitu vidogo ndivyo vinavyoshangaza watu. Kikombe cha sentimita 8 kikijaza fremu ileile kwa f/11 kina ukali wa sentimita 1.1 tu. Mkono mkali, mdomo umefifia. Dawa ni kurudi nyuma hadi kikombe kijaze nusu ya pale kilipokuwa, kisha ukate picha kwenye kompyuta. Unene wa ukali ndani ya picha iliyokatwa unakuwa takribani mara mbili. Hapo ndipo megapikseli zinapopata kazi. Bodi ya megapikseli 24 inatoa picha ya pikseli 6000 kwa 4000. Ukikata nusu kila upande inabaki 3000 kwa 2000. Etsy wanashauri pikseli 2000 kwa upande mfupi, na Instagram huonyesha upana wa 1080. Zaidi ya 24 usizilipie. Hata 16 au 18 zinatosha ukikata kwa adabu.

Kwa sababu hiyohiyo, sensa kubwa ya fulu fremu haikupi faida unayoidhani. Kwa picha ileile na f ileile, ukali wake ni mwembamba zaidi, lenzi zake ni ghali, na mtazamaji kwenye simu hataona tofauti.

Bodi yenyewe

Kitu cha kwanza ninachokitazama kwenye bodi ya kazi hii ni skrini inayofunguka na kuzunguka. Chungu kinapigwa kutoka chini, usawa wa tumbo lake au juu kidogo, na meza huwa ya kimo cha kiuno. Bila skrini hiyo utapiga magoti sakafuni mara arobaini kwa siku. Canon 600D ya 2011, 700D, 750D na 200D wanayo. Nikon D5300, D5500 na D5600 wanayo pia. D3200 hadi D3500 na Canon 1300D au 2000D hawana. Zinapiga picha nzuri sawasawa, shingo ndiyo inayolipa.

Kitu cha pili ni kupiga kwa kutazama skrini, kitufe cha Live View, pamoja na uwezo wa kukuza picha ili kuweka fokasi kwa mkono. Weka fokasi kwenye kitu chenye mstari wazi: ukingo wa mchoro, muhuri wa mfinyanzi, mkwaruzo. Chungu cheusi kinachong'aa hakina mstari, na fokasi ya kamera itakwenda mbele na nyuma bila kushika. Egesha kipande cha gazeti ubavuni mwake, pale unapotaka ukali, shika fokasi kwenye herufi, badilisha swichi ya lenzi iwe MF (fokasi ya mkono), kisha ondoa gazeti.

Canon hizo zinaonyesha kwenye skrini mwanga unaokaribia ule utakaotoka. Kwenye Nikon za familia ya D3000 na D5000, ukibadilisha f ukiwa ndani ya Live View tundu la lenzi halibadiliki palepale. Itoke, badilisha, kisha urudi. Jambo dogo, lakini mtu asiyelijua hudhani kamera haimsikii.

Ukipenda kuona picha kwenye kompyuta wakati unapiga, Canon wanatoa programu yao ya EOS Utility bure. Nikon waliuza Camera Control Pro 2 kwa bei yake. Ipo digiCamControl ya bure kwa Windows, ila hakikisha modeli yako imo kwenye orodha yake kabla ya kununua kamera kwa matumaini hayo.

Kati ya zote, kwa mwenye bajeti ndogo ningesema Canon 700D au Nikon D5300 ya mtumba, na fedha inayobaki iende kwenye makro na tripodi. Canon 4000D ningeiacha hata ikiwa mpya ndani ya boksi: kishikio cha lenzi ni cha plastiki, na haina mfumo wa kutikisa vumbi kwenye sensa. Karibu na udongo, hilo la pili ni kubwa.

Mtumba unakuja na majina mengi. Rebel T3i ya soko la Marekani na EOS Kiss X5 ya Japani ni 600D ileile. T5i na Kiss X7i ni 700D. T6i na Kiss X8i ni 750D. Fungua menyu kabla ya kutoa fedha, kwa sababu baadhi ya kamera zilizouzwa kwa soko la Japani zina menyu ya Kijapani tu. Soma pia namba ya betri: 600D na 700D zinatumia LP-E8, 750D na 200D zinatumia LP-E17, Nikon D5300 na D3300 zinatumia EN-EL14. Muuzaji akikupa kamera bila chaja, ujue chaja ya aina moja haingii nyingine.

Vipimo vya dukani vinachukua dakika kumi. Weka f/22, elekeza ukuta mweupe, fokasi iwe imepotea kabisa, piga, kisha ukuze picha: madoa meusi yasiyohama kati ya picha mbili ni vumbi la sensa. Machache yanapulizwa yakatoka. Yenye umbo la tone la mafuta yanahitaji fundi. Vumbi unaloliona ukichungulia kwenye dirisha la kamera halimo kwenye picha, lisikutishe. Funika lenzi, piga sekunde 10, tafuta nukta nyekundu au nyeupe zilizoganda. Vua lenzi, washa tochi ya simu, mulika kutoka nyuma na uchungulie kutoka mbele huku ukiinamisha: nyuzinyuzi kama za buibui ni kuvu. Lenzi zilizoishi Mombasa, Tanga, Unguja au Dar bila kutunzwa huwa nazo mara nyingi, na hazifutiki kwa kitambaa. Chungulia pia ndani ya nafasi ya memori kadi. Pini moja ikiwa imelala, kamera hiyo iache.

Idadi ya mibofyo, kwa Nikon, imeandikwa ndani ya kila faili la picha, na programu za kusoma data za picha zinaionyesha. Canon nyingi haziiandiki humo. D5300 imetajwa kwa mibofyo 100,000 na D7200 kwa 150,000. Mfinyanzi anayepiga vyungu kumi kwa wiki, picha kumi kila kimoja, anatumia 5,200 kwa mwaka. Kamera yenye mibofyo 40,000 ina maisha marefu mbele yake.

Tripodi, na kioo kinachopiga

Kwa f/11 na ISO 100 karibu na dirisha, kasi ya shata itaangukia robo ya sekunde au polepole zaidi. Mkono hauwezi. Na hata kwenye tripodi, DSLR ina kioo ndani kinachoruka kabla ya picha, na mtikisiko wake ndio unaoleta ule ukungu mwembamba ambao watu huulaumu kwenye lenzi. Kasi kati ya 1/30 na sekunde 1 ndizo zinazoumia zaidi. Tumia Live View, ambako kioo kimeshapanda, pamoja na taimeri ya sekunde 2. Kwenye familia ya D7000 kuna Mup kwenye gurudumu la pembeni: mbofyo wa kwanza unainua kioo, wa pili unapiga. Zima kizuia-mtikisiko cha lenzi, IS au VR, kwa sababu kamera ikiwa imetulia chenyewe kinaweza kuleta mtikisiko.

Tripodi nyepesi ya alumini inafaa ukiitundikia chupa ya maji ya lita 5 katikati na usipandishe kile kijiti cha kati. Sakafu ya mbao nayo inayumba. Simama tuli hadi picha iishe.

Kamera iwe sawa kama pima-maji ya fundi mwashi. Ukiiinamisha hata kidogo, kuta za mtungi zinaanza kukutana chini na kitako kinaonekana kimebanwa. Lakini mdomo nao unataka uonekane kidogo, la sivyo mnunuzi hajui kama ni chungu au gogo. Suluhisho: panda na kamera yote juu, ikiwa bado sawa haijainama, uache chungu kikae nusu ya chini ya fremu, kisha kata ile sehemu tupu ya juu. Mdomo unafunguka, kuta zinabaki wima. Washa mistari ya gridi kwenye skrini ikusaidie.

Mng'ao

Glezi, ule utando wa kioo unaoyeyukia juu ya chungu tanurini, ni kioo kilichojikunja. Kinaonyesha kila kilicho mbele yake. Kuza picha ya bakuli jeusi linalong'aa na uangalie tumboni: utaona dirisha likiwa na nondo zake, miguu mitatu ya tripodi, na mtu mwenye viwiko vilivyotanuka na shati jeupe. Vaa nguo nyeusi. Si utani, shati jeupe ni taa ya pili usiyoitaka.

Mng'ao wenyewe usiuondoe wote, kwa sababu ndio unaomwambia mtazamaji kwamba hii ni glezi na huu ni mviringo. Unachochagua ni umbo lake. Balbu tupu inatoa nukta nyeupe inayochoma jicho. Balbu ileile nyuma ya shuka jeupe la pamba lenye upana wa mita 1, shuka likiwa karibu na chungu kadiri linavyoweza bila kuingia kwenye fremu, inatoa mkanda mrefu laini unaofuata tumbo la chungu. Kadiri chanzo kilivyo kikubwa na karibu, ndivyo mkanda unavyolainika. Flashi iliyo juu ya kamera iache ilale.

Mpangilio ninaoupendelea ni taa moja tu, juu ya chungu na mbele kidogo, ikipita kwenye shuka. Chini na nyuma weka karatasi ya manila ya kijivu isiyong'aa, iliyopinda kutoka mezani kwenda ukutani bila mkunjo. Chungu kikae mbele, sentimita 60 au zaidi kutoka pale karatasi inapopanda. Mwanga unashuka juu ya chungu na kupungua kadiri unavyokwenda nyuma, hivyo usuli unageuka polepole kutoka kijivu cheupe hadi karibu na weusi. Ubavu wenye kivuli uuegeshee kadibodi nyeupe, uisogeze hadi kivuli kiwe na uhai. Kanga na kitenge chini ya chungu vinapendeza kwenye picha ya jikoni. Kwenye picha ya kuuza vinagombana na chungu, na kanga inashinda.

Kichujio cha polaraiza ya mviringo kina msaada wa kweli kwenye glezi. Kizungushe ukitazama skrini, mng'ao utafifia na rangi iliyo chini itajitokeza. Simama kabla haujaisha wote. Kinakula mwanga wa hatua moja na nusu hadi mbili (kila hatua ni kupunguza mwanga kwa nusu), ambao kwenye tripodi haukusumbui. Kwenye glezi yenye rangi ya madini, ile ya dhahabu au shaba inayometa, hakifanyi kazi ya maana.

Vyungu visivyo na glezi, kama vya Wakisi wa kando ya Ziwa Nyasa, vinataka kinyume chake: mwanga wa ubavuni unaoparaza ngozi ya chungu, ili alama za mkono na michirizi zitoe vivuli vidogo. Dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja linatosha. Vilivyosuguliwa hadi vikang'aa, kama vyeusi vya Magdalene Odundo, mfinyanzi mzaliwa wa Nairobi, viko katikati: havina glezi lakini vinahitaji ule mkanda laini, la sivyo umbo linamezwa na weusi.

Rangi isiyoleta ugomvi na mnunuzi

Usichanganye dirisha na balbu. Upande mmoja wa chungu utakuwa wa buluu na mwingine wa njano, na hakuna programu itakayowapatanisha. Ukuta wa kijani au wa samawati nao unarudisha rangi yake kwenye glezi nyeupe.

Ukitumia taa za LED, tafuta zilizoandikwa CRI (kipimo cha taa kuonyesha rangi kwa usahihi) 90 au zaidi, 95 ikipatikana. Balbu za bei ya chini zina upungufu kwenye nyekundu, na udongo uliochomwa unatoka kama tope lililokauka. Nyingine zinapepesa mara 100 kwa sekunde kwa sababu umeme wetu ni wa 50 Hz. Ukiona mistari ya giza kwenye picha, shusha kasi hadi 1/50, 1/25 au polepole zaidi.

Mizani ya weupe iweke mwenyewe. Kwa Canon, piga kitu cheupe au kijivu kilichokaa pale pale chungu kilipo, kisha kichague kwenye menyu ya Custom WB. Kwa Nikon ni PRE. Kitu hicho kisiwe karatasi ya printa. Ina dawa ya kung'arisha inayogeuza mionzi ya dirishani kuwa ubuluu, kamera inadhani mwanga ni wa buluu, inaongeza njano, na chungu chako kinapata homa ya manjano. Kadi ya kijivu ya wapiga picha ni nzuri. Isipopatikana, nunua ile tepe nyeupe ya fundi bomba, izungushe mara nane au kumi juu ya kadibodi hadi isionyeshe ndani. Weupe wake hauegemei rangi yoyote.

Piga RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalichakata, au RAW pamoja na JPEG. Kamera hupima kila kitu kama kijivu, hivyo chungu cheupe kinatoka kijivu na cheusi kinatoka kijivu pia: ongeza hatua 1 kwa cheupe, punguza 1 hadi 1.5 kwa cheusi. Kwa udongo mwekundu, usiiamini histogramu, ile grafu ya mwanga wa picha, moja ya jumla. Fungua ile ya rangi tatu, kwa sababu nyekundu hugonga ukuta wa kulia wakati jumla bado inaonekana salama, na hapo ngozi yote ya chungu inakuwa bapa moja la chungwa. Kwa Nikon nyingi ni lazima uiwashe kwanza kwenye menyu ya kuonyesha picha. Buluu ya kobalti inapenda kuelekea zambarau. Irekebishe chungu chenyewe kikiwa mbele yako, mchana, usifanye kwa kumbukumbu.

Vumbi

Udongo mkavu ni adui wa DSLR kuliko mvua. Una chembe ngumu za silika, na kila ukivua lenzi karakana inaingia ndani. Badilisha lenzi chumba kingine, kamera ikitazama chini, na kamwe siku ambayo mtu amekuwa akisugua vyungu vikavu kwa msasa. Vumbi la mbele ya lenzi lipulize kwa pampu ya mpira kwanza. Ukianza na kitambaa unaisugua lenzi kwa msasa uleule.

Kwa anayeishi pwani, kopo kubwa la plastiki la kuhifadhia chakula, lenye mfuniko wa mpira, linatosha kuwa nyumba ya kamera. Weka ndani gramu 100 za chembe za kunyonya unyevu, zile zenye rangi. Za buluu zikigeuka waridi zimeshiba. Zitandaze kwenye sinia na uziweke ovenini kwa nyuzi 120 kwa saa mbili hadi zirudi buluu.